Anachotafuna Mbwa Wako: Hatari Iliyojificha Bomani

Ndugu zetu wa vikundi, huku kwetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, boma bila mbwa ni nadra. Mbwa ndiye askari wa usiku. Analinda ng'ombe, kuku na mahindi yaliyoanikwa. Lakini ukiuliza mbwa huyo anachezea nini mchana, watu watacheka. "Atachezea nini? Mbwa ni mbwa tu, ana tumbo la chuma."

Sivyo. Tumbo la mbwa si la chuma. Katika miji mikubwa na nchi za ng'ambo watu huwanunulia mbwa wao vitu vya kuchezea, na hata huko madaktari wa mifugo huonya juu ya vile vinavyomeguka, kwa sababu mbwa humeza vipande. Sisi hatununui. Mbwa wetu hujitafutia, na anachookota ni kile tulichotupa sisi. Kwa hivyo hatari huanza mikononi mwetu, na wakati mwingine hurudi hapo hapo mikononi, pamoja na mikono ya watoto.

Tuangalie hatari hizo moja baada ya nyingine.

Vitu vinavyoziba matumbo

Cha kwanza ni gunzi la mahindi. Wakati wa kuvuna na kupukuchua, magunzi hutapakaa kila mahali. Mbwa hupenda utamu uliobaki, hasa gunzi la mahindi mabichi yaliyochemshwa au lililopakwa mafuta. Hulitafuna kidogo kisha humeza kipande kizima. Gunzi haliyeyuki tumboni. Hushuka mpaka kwenye utumbo mwembamba na kukwama kama kizibo cha chupa.

Cha pili ni mfupa uliopikwa. Ukishapikwa, mfupa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha kali kama sindano. Mifupa ya kuku ndiyo mibaya zaidi. Inaweza kukwama kooni au kutoboa utumbo.

Cha tatu ni mpira wa watoto, ule wa kutengenezwa kwa makaratasi ya nailoni na kamba. Watoto wakimaliza kucheza, mbwa naye huuchukua na kuurarua. Ni kweli mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini karatasi za mkate na nyuzi za magunia bado ziko. Uzi ni hatari kuliko unavyofikiri. Ncha moja ikinasa, utumbo hujikunja juu ya uzi huo na unaweza kukatika. Ukiona uzi umening'inia nyuma ya mbwa, usiuvute. Ukiuvuta unaweza kumkata ndani.

Dalili za kuziba ni hizi: mbwa anatapika kila mara, anakataa chakula, hapati choo, tumbo linamuuma na ananyong'onyea. Usimnyweshe mafuta ya kupikia wala maji ya chumvi ati atapike. Mwite daktari wa mifugo mapema. Mbwa aliyezibwa utumbo akikaa siku nyingi bila msaada, hufa.

Vitu vyenye sumu

Chupa tupu ya dawa ya kupe si tupu. Masalio kidogo ndani yake yanatosha kumdhuru mbwa anayeitafuna, na hata mtoto anayeichukua kuchotea maji. Ndivyo ilivyo pia kwa kopo la dawa ya kunyunyizia mahindi, na panya aliyekufa kwa sumu. Mawe ya tochi yaliyokwisha moto nayo yana dawa kali ndani. Mbwa akiyapasua kwa meno, yanaweza kumchoma mdomo na tumbo.

Chupa kama hizo tusiziache uani wala kuziosha mtoni. Zitobolewe zisitumike tena, zifungiwe mahali pasipofikika na watoto na mbwa, na mmuulize afisa wa kilimo wa kata mahali pa kuzipeleka.

Maini na mapafu mabichi

Hapa ndipo hatari inamrudia mwenye mbwa. Tunapochinja nyumbani, kwa matanga au kwa sikukuu, mara nyingine tunakuta kwenye ini au pafu la mbuzi, kondoo au ng'ombe kifuko cheupe chenye maji. Mwenye kuchinja husema, "Hii ni mbaya, mpe mbwa." Mbwa hufurahi na kuvutana nacho na wenzake.

Kumbe ndani ya kifuko hicho kuna vichwa vya tegu wadogo sana. Wakifika tumboni mwa mbwa hukua, lakini hata wakikomaa hawafiki urefu wa sentimita 1. Mbwa haonekani mgonjwa. Baada ya wiki 6 hivi huanza kutoa mayai ya tegu kwenye mavi yake. Mayai hayaonekani kwa macho. Hushika kwenye manyoya, kwenye udongo, kwenye mboga na kwenye maji. Mtoto anayemkumbatia mbwa, kisha akala bila kunawa, anaweza kuyameza. Ndani ya mwili wa mtu hugeuka kuwa vifuko vya maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu, na hukua polepole kwa miaka mingi bila maumivu. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Ugonjwa huu huitwa haidatidi. Si hadithi ya mbali. Ukishika barabara ya kutoka Kitale, ukapita Kapenguria hadi Lodwar, utafika Turkana, ambako ugonjwa huu ulijulikana kuwa mwingi kuliko karibu kila mahali duniani. Mwaka wa 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kuupunguza kwa kutibu mbwa, kuwafundisha watu na kuwapasua wagonjwa. Mtu mwenye vifuko huhitaji upasuaji, au dawa za muda mrefu kama albendazoli. Kifuko kikipasuka ndani ya mwili, mtu anaweza kufa.

Hapa tuelewane vizuri. Vifuko vile kwenye ini la mbuzi havimwambukizi mtu anayeshika nyama au kuila. Lazima vipitie kwa mbwa kwanza. Kwa hivyo tukimnyima mbwa viungo vibichi, tumekata njia. Viungo vibaya vichomwe kabisa, au vizikwe kwenye shimo refu lililofunikwa kwa mawe ili mbwa asifukue. Viungo vizuri unavyotaka kumpa mbwa, vichemshe kwanza kwa nusu saa au zaidi.

Akionekana amekwamwa na mfupa

Hili ni la mwisho. Unamwona mbwa mdomo wazi, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Kila mtu anasema, "Amekwamwa na mfupa." Mwenye huruma anatia mkono mdomoni autoe.

Usitie mkono! Kichaa cha mbwa wakati mwingine huja hivyo hivyo. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia na kuuma watu. Mwingine hupooza taya na koo, akatulia kama mgonjwa wa kawaida. Ugonjwa uko kwenye mate. Mkwaruzo mdogo kwenye kidole unatosha kuupokea.

Mfungie mbwa huyo mahali bila kumshika, waondoe watoto, kisha mwite afisa wa mifugo. Kama mate yameingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni, au mtu ameumwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Jicho na mdomo usiweke sabuni, osha kwa maji mengi tu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano, na uzimalize zote. Usingoje uone kama utaugua. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mtu hufa.

Mwaka wa 2014 Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila mbwa 100. Hesabu hiyo huanzia vijijini, boma kwa boma.

Kikundi kifanye nini?

Mtu mmoja akifunika shimo lake na jirani akaacha lake wazi, mbwa hula kwa jirani na kulala kwa mwenye shimo. Kwa hivyo kazi hii ni ya kikundi. Tunapendekeza haya:

1. Kila boma liwe na shimo la taka lenye kifuniko, na magunzi yawekwe pamoja kwa kuni.

2. Kwenye matanga na sikukuu, achaguliwe mtu mmoja wa kusimamia mahali pa kuchinjia na kuzika mabaki. Mwenye bucha naye aombwe asiwatupie mbwa mapafu.

3. Mbwa wapewe dawa ya tegu. Si kila dawa ya minyoo inaua tegu, kwa hivyo mwambieni daktari wa mifugo mnataka ile ya prazikwanteli.

4. Mbwa wote wachanjwe kila mwaka. Mkimwita afisa kwa siku moja, gharama ya safari mnagawana.

5. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kucheza na mbwa. Kama mbwa mdogo anataka cha kutafuna, apewe kipande cha karoti, au mpira mgumu mkubwa kuliko mdomo wake. Kipande cha tairi hakifai kwa sababu kina waya ndani.

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mwanachama azunguke boma lake na mfuko mkononi, aokote kila kitu ambacho mbwa anaweza kutafuna. Leteni mlichookota, mkimwage chini, mkiangalie pamoja. Chupa za dawa zisiletwe, mzitaje tu. Halafu muhesabu: mbwa wa kikundi ni wangapi, na waliochanjwa ni wangapi? Mkipata hesabu hizo mbili, mtajua pa kuanzia.