Mbele ya kununua lupango, tuulize upepo unatoka wapi

Mu mkutano wetu wa sendika wa mwezi uliopita, mwenzetu mmoja alisimama na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni ile aliyopewa na shefu wa kartye wakati aliponunua lupango yake. Ya pili ni barua iliyomjulisha kwamba nyumba yake iko ndani ya mipaka ya mine, angojee watu wa kuhesabu. Akasema: “Nilitafuta lupango karibu na kazi, juu feza ya transport ilikuwa inanimaliza. Miaka kumi na moja ya kazi yote iko mu ile nyumba. Sasa batoto banakohoa usiku, na nyumba yenyewe sijui kama iko yangu.”

Hakuna aliyemjibu haraka. Wengi kati yetu tunaishi hivyo hivyo.

Sisi watu wa sendika tumezoea kupigania mshahara, kofia, buti na maski. Ni vizuri, na tutaendelea. Lakini ku kazi mtu anavaa maski masaa nane. Akirudi ku nyumba, mtoto wake analala mu vumbi lile lile bila maski. Afya ya jamaa ya mchimbaji haiamuliwi mu hospitali tu. Inaamuliwa mbele, siku ile mtu ku biro anachora mstari ku karte na kusema: hapa uzini, hapa nyumba, hapa barabara ya makamio. Tena inaharibika siku ile hakuna mtu anayechora.

Wazee wetu wa Lubumbashi wanajua habari hii. Uzini ya kuyeyusha shaba ilianza kazi mu 1911, na mji ukakua pembeni yake. Wakoloni walikuwa na plan. Kati ya mji wao na siti ya Waafrika waliacha uwanja mtupu, wakasema ni kwa ajili ya mbu na magonjwa. Plan ile ililinda afya, lakini afya ya rangi moja tu. Na moshi je? Upepo wa kwetu sehemu kubwa ya mwaka unatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wa shemine, ile tunayoita Mumbunda, ulienda miaka na miaka upande wa kaskazini-magharibi. Kule miti ilikufa, udongo ukabaki uchi, na shaba na madini mengine yakabaki ndani yake. Leo watu wamejenga juu ya udongo ule ule, kwa mfano Penga Penga. Ba mama wanalima bustani pale. Mkoloni aliondoka na plan yake ya ubaguzi, lakini sisi hatukuweka ingine ya haki pahali pake.

Mtu asifikiri tunasema kwa hasira tu. Mu 2009 waganga na watafiti, pamoja na wale wa universite yetu ya Lubumbashi, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mikojo ya watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilometre 3 kutoka ku mine ao uzini walikuwa na kobalti nyingi zaidi mu mwili kuliko wale wa mbali. Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Kosa lao lilikuwa anwani yao.

Tena kuna Kasulo, pale Kolwezi. Mu 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, na kartye nzima ikageuka mashimo: mu lupango, nyuma ya jikoni, hata ndani ya chumba. Mu 2017 sehemu ya kartye ikazungushiwa ukuta na jamaa zikahamishwa. Mu 2018 watafiti walitangaza kwamba watu wa pale walikuwa na kobalti nyingi mu mikojo na mu damu, na kwamba vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa nayo pia. Walioumia zaidi ni watoto. Hatuwahukumu wale waliochimba. Mwenye njaa akiambiwa feza iko chini ya kitanda chake, atainua kitanda. Lakini ugonjwa wa pale ulianzia pahali ambapo watu walilala, wakapika na wakachimba mu lupango moja.

Sheria inasema nini? Kode ya mine inakataza mwenye mine kuchukua udongo ulio chini ya metre 180 kutoka ku nyumba ya watu, kama mwenyewe hakukubali. Lakini tulinganishe: metre 180 za sheria, na kilometre 3 za watafiti. Tena iko jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Haki ya juu ya udongo na haki ya chini ya udongo ni vitu viwili. Karatasi ya lupango inatoka ku biro moja, haki ya madini inaandikwa ku kadasta ya mine. Njo maana mwenzetu alishika karatasi mbili zinazopigana.

Feza nayo iko. Tangu kode mpya ya 2018, ku kila franka 100 za redevanse ya mine, 50 zinaenda ku serikali kuu, 25 ku provensi, 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 ku komine, sekteri ao sheferi ambapo mine iko. Zile 15 ni za hapa hapa. Zinaweza kumwagia barabara maji wakati wa jua, ao kuitia lami. Zinaweza kuleta bomba la maji safi, watu waache kisima kilicho karibu na maji machafu ya uzini. Zinaweza kupanda miti kati ya mine na nyumba, na kutafutia batoto uwanja wa mpira mbali na makamio.

Basi tumekubaliana mambo matatu, na tunayaleta kwenu.

Kwanza, mtu asinunue lupango mbele ya kuuliza ku biro ya udongo na ku kadasta ya mine, zote mbili. Shefu wa kartye peke yake hatoshi. Na ajiulize mwenyewe: upepo unatoka wapi, maji yanatoka wapi, makamio yanapita wapi?

Pili, delege wetu wataenda ku komine kumuomba bugumestre abandike karte ku ukuta, watu waone pahali pa kujenga na pahali pa kuacha. Pembeni yake, abandike hesabu ya zile 15 ku 100. Tutaenda kwa adabu, na tutarudia.

Tatu, wale tulioisha kujenga pahali pabaya, tupunguze hatari. Nguo za kazi zibaki ku kazi. Nyumba ipanguswe kwa kitambaa cha maji, isifagiwe kavu. Mikono ya batoto inawe mbele ya kula. Mboga isilimwe mu udongo uliokufa. Haya hayaponyeshi kartye, lakini yanapunguza vumbi mu tumbo la mtoto wakati tunapigania plan.

Mwenzetu wa karatasi mbili bado anangojea. Tumeamua asiende peke yake siku watu wa kuhesabu watakapofika: delege wawili watakuwa pembeni yake. Mwenye karatasi ya namna ile alete nayo mu mkutano ujao.