Ujuzi bila Hati

Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Wenye maduka ndio walioushika sana usia huu, lakini katika zama zetu umewafikia mafundi pia. Katika nchi ya Shinyanga na Geita wako vijana wengi waliofanya kazi za ufundi migodini: wachomeleaji vyuma, mafundi umeme, mafundi wa mitambo mikubwa. Ujuzi wao umo mikononi, ila haumo katika karatasi. Na siku mmoja wao atakapoomba ukaazi wa kudumu katika nchi ya mbali, ombi lake litaamuliwa na afisa asiyepata kuiona mikono ile. Yeye huona karatasi tu.

Tuchukue mfano wa Kanada. Tangu mwaka 2015 nchi hiyo hupokea maombi ya wenye ujuzi kwa utaratibu uitwao Express Entry. Katika mpango wake wa wafanyakazi wenye ujuzi, mwombaji hutakiwa awe amefanya kazi ya ujuzi, yenye malipo, kwa mwaka mmoja mfululizo katika miaka 10 iliyopita. Mwaka huo huhesabiwa kuwa saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki. Kinachozidi saa 30 katika wiki hakihesabiwi. Basi fundi aliyefanya zamu za saa 12 asidhani kuwa ataumaliza mwaka kwa miezi sita. Wako pia mafundi wanaoingia kwa mpango wa kazi za mikono: hao hutakiwa miaka miwili ya kazi katika miaka mitano iliyopita, pamoja na ahadi ya kazi huko au cheti cha ufundi cha jimbo mojawapo la Kanada.

Ama kuhusu ushahidi, haitoshi barua isemayo kwamba fulani alikuwa mfanyakazi wetu na tabia yake njema. Barua itakiwayo huandikwa katika karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni, na kutiwa saini na mkubwa wa kazi. Ndani yake yapasa yawemo jina la mfanyakazi, cheo chake, tarehe za kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, na zaidi ya yote, kazi hasa alizokuwa akizifanya. Maelezo haya hulinganishwa na orodha ya kazi ya nchi ile. Mtu aliyeandikwa “kibarua” hali alikuwa akitengeneza injini za malori ya mgodi, barua yake yampunguzia haki yake. Na barua ikiwa ya Kiswahili, hapana budi ifasiriwe, na ikiwa mfasiri hana idhini rasmi, aiambatanishe na hati yake ya kiapo.

Hapa ndipo penye uzito kwa watu wa huku kwetu. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Tena wengi waliofanya kazi migodini hawakuajiriwa na mgodi wenyewe, bali na wakandarasi. Mkataba wa mkandarasi ukiisha, ofisi hufungwa, msimamizi huhamia kwingine, na kijana hubaki na kofia ya kazi na kitambulisho kilichokwisha muda.

Lakini sheria ya Tanzania haikumwacha mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, ikiwamo kazi atakayofanya na saa zake. Yamtaka pia ampe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kuomba hati hizi si ujuvi wala si kumchokoza tajiri. Ni kudai kilichoandikwa katika sheria. Zaidi ya hizo, taarifa ya michango ya NSSF huonyesha nani alikuwa mwajiri na kwa miezi gani, na hati za mshahara pamoja na taarifa za benki huonyesha malipo. Na aliyejifunza ufundi kazini bila kupita chuoni aweza kupimwa na VETA, akapewa cheti kwa ujuzi alionao.

Mchimbaji mdogo na fundi mwenye karakana yake wana mtihani mwingine, kwani hawana bosi wa kuwaandikia. Maneno ya mtu kujishuhudia mwenyewe hayakubaliwi. Watunze leseni, karatasi za kodi, risiti, na barua za wateja zinazotaja kazi iliyofanywa na fedha iliyolipwa.

Wapo madalali wanaouza barua za uongo. Ndugu kijana, jihadhari nao. Afisa aweza kumpigia simu aliyetia saini, na Kanada humzuia mwenye kusema uongo katika ombi lake kwa miaka mitano. Nawe msimamizi, ukiombwa kuandika, andika kweli yote wala usizidishe. Sisi tuliofundishwa katika Suratul Baqara kuandika madeni na kuweka mashahidi, na tukaonywa tusifiche ushahidi, hatuna udhuru katika hili.

Basi wazazi, mwulizeni mwanenu angali kazini: mkataba uko wapi? Hati za mshahara ziko wapi? Naye aombe barua ya maelezo ya kazi sasa, mkubwa wake angali anamjua kwa jina, azitie zote katika bahasha moja na nakala aziache nyumbani. Hata asiposafiri kamwe, zitamfaa mbele ya mwajiri mwingine hapa hapa nchini.