Kipande cha Siku Thelathini

Mtu aliyefungwa mnyororo anajua kwamba amefungwa. Lakini yule aendaye kazini kwa miguu yake mwenyewe, bila askari nyuma yake, je, ametumwa na nani? Pwani ya Kilwa na Lindi yafaa kuchunguzwa kwa swali hili, kwa maana imeziona hali zote mbili.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa; waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha na kupewa hati ya uhuru. (Ulipigwa marufuku mwaka 1922, wakati wa Waingereza.) Fedha ya kujikomboa ingetoka wapi? Baadhi ya wenye mashamba makubwa walimlipia mtumwa, naye akafungwa na mkataba wa kuwafanyia kazi mpaka deni liishe. Hati ilimwita huru, daftari likamwita mdaiwa.

Aliyezaliwa huru alifikiwa na kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898. Kodi haikumwamuru mtu aende shambani kwa setla; ilimdai rupia tu. Nguvu ya wazi ilijibiwa kwa wazi: mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi, bara ya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kipande hakikuwasha vita ya namna hiyo. Kilidumu kwa miongo mingi katika mashamba ya mkonge, hata baada ya Wajerumani kuondoka.

Kipande ninachokisema si kile cha Kenya, kilichokuwa hati ya utambulisho na kuvaliwa shingoni. Hiki kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ukatolewa zote zilipojaa. Kibarua alikuwa huru kukaa nyumbani kesho. Hata hivyo, siku 29 alizokwisha kuzifanya zilibaki mikononi mwa mwajiri kama rehani.

Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, C. B. Ferster na B. F. Skinner, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya njiwa. Njiwa aliyepewa punje baada ya kudonoa idadi maalumu alipumzika kidogo kila alipokula, kisha akadonoa upesi mpaka idadi itimie tena. Hakuna aliyemshurutisha kwa fimbo. Aliyepanga hesabu ndiye aliyemwongoza.

Lakini kibarua si njiwa, na hapa nadhani hesabu ya setla iliingia dosari. Watu wengi walijaza kipande polepole, leo mkonge, kesho mtama wao wenyewe, hata wenye mashamba wakalazimika kuandikisha watu wengi kuliko waliohitajika kwa siku moja. Malalamiko yao juu ya "uvivu" yamejaa katika kumbukumbu za wakati ule.