Kingamwili ya BCL-2: Inavyowahusu Watoto wa Kilosa na Mikumi



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo la maabara. Huenda likaonekana liko mbali na kazi zetu, lakini linagusa uhai wa watoto.

Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za watoto waliovimba taya. Uvimbe huo ni saratani ya tezi, na leo huitwa saratani ya Burkitt. Huhusishwa na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, pamoja na malaria ya mara kwa mara. Ndiyo maana wilaya yenye malaria kama Kilosa, ulimo mji wa Mikumi, haina budi kuufahamu. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, ukiwahiwa hutibika kwa dawa.

Protini inayozuia seli kufa

Seli ya mwili ikichakaa au kuharibika hujiua yenyewe, na huo ni utaratibu mwema. Protini iitwayo BCL-2 huzuia kifo hicho. Mwaka 1988 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba saratani haitokani na seli kuzaliana ovyo tu. Seli zinazokataa kufa nazo huchangia.

Kingamwili hufanya nini?

Miili yetu hutengeneza kingamwili za kupambana na maradhi, na kila moja hushika kitu chake, kama ufunguo na kufuli yake. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza maabara kingamwili za aina moja kwa wingi. Ile ya BCL-2 hutiwa juu ya kipande chembamba sana cha uvimbe, kisha huongezwa rangi. Chini ya hadubini, seli zenye protini hiyo huonekana za kahawia.

Katika saratani ya Burkitt, kwa kawaida rangi hiyo haionekani au huwa hafifu. Katika saratani nyingine kadhaa za tezi huonekana wazi. Hata hivyo kipimo hiki peke yake hakitoshi. Mtaalamu wa patholojia hutazama pia umbo la seli na kutumia kingamwili nyingine, kama za CD10 na Ki-67. Jibu hilo ndilo linaloongoza uchaguzi wa dawa.

Kwa wafadhili

Chupa nyingi za kingamwili huandikwa kwamba ni za utafiti tu. Hizo hazijathibitishwa kwa kumpimia mgonjwa. Tena kingamwili nyingi huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo. Kabla ya kununua au kutuma, tafadhali ulizeni kwanza maabara itakayozitumia: aina gani, na je, friji na umeme vipo?

Kwa kamati za parokia

Mtoto akivimba taya, msiridhike na kung'olewa jino. Apelekwe hospitali mapema, iwe ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, au ya Wilaya, Kilosa, ili apewe rufaa ikihitajika. Kipande kikichukuliwa, kiwekwe mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa mara kumi ya kipande chenyewe. Si kwenye maji. Kikioza, hata kingamwili bora haina cha kushika.

Kutoka Mikumi hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni karibu kilomita 300. Kwa familia nyingi nauli ya mama na mtoto ndiyo kikwazo cha kwanza. Tunaziomba kamati zitenge akiba ndogo kwa ajili hiyo sasa, kabla mtoto hajaugua. Kwa ugonjwa huu, kusubiri mavuno ni kuchelewa.