Nzi Mdogo wa Maabara na Funzo la Usugu wa Wadudu kwa Wakulima wa Pamba Simiyu

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Msimu ukifika, mkulima hukabiliana na funza wa vitumba, na huweza kujiuliza: kwa nini kiuadudu halali, ambacho muda wake haujaisha, hupungua nguvu mwaka hadi mwaka? Sehemu ya jibu imetoka kwa nzi mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, aitwaye kitaalamu Drosophila melanogaster. Huyu siye yule anayetoboa maembe shambani.

Ndani ya vinasaba vya viumbe hai vimo vipande vinavyoweza kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine, viitwavyo transposoni. Mwaka 1982, nchini Marekani, Allan Spradling na Gerald Rubin walikigeuza kimojawapo, kiitwacho P, kuwa chombo cha kubebea jeni. Walipachika ndani yake jeni inayohusika na rangi ya macho, wakakiingiza katika viinitete vya nzi wenye kasoro ya jeni hiyo. Baadhi ya wazao wakapata macho mekundu ya kawaida. Tangu hapo rangi ya macho ikawa alama ya kumtambua nzi aliyebadilika.

Chombo hicho kina faida nyingine. Kipande kikijipachika katikati ya jeni, aghalabu huizuia kufanya kazi. Mtafiti huangalia kasoro iliyojitokeza, kisha hukitumia kipande hicho kama kielekezi cha kuipata jeni husika.

Mabadiliko ya namna hiyo hutokea pia bila mkono wa binadamu. Mwaka 2002, watafiti walibainisha kuwa nzi wanaostahimili DDT wana kipande kiitwacho Accord kando ya jeni ya Cyp6g1. Hapo kipande hakikuharibu jeni. Kiliichochea itoe kwa wingi kimeng'enya kinachovunja sumu. Kwa funza wa vitumba, njia ni tofauti: jeni mbili za jamii hiyohiyo ziliungana zikawa moja, yenye uwezo wa kuvunja baadhi ya viuadudu vya kundi la pairethroidi.

Ikumbukwe kuwa sumu haimfundishi mdudu usugu. Huua walio dhaifu na kuwaacha wachache wenye jeni hiyo, nao ndio wanaozaliana. Sumu ileile ikirudiwa, kizazi sugu huongezeka.

Kwa sababu hiyo, mkulima anashauriwa kukagua shamba kabla ya kunyunyizia, kuzingatia kipimo, na kung'oa na kuteketeza masalia ya pamba baada ya mavuno. Aidha, kubadili jina la chupa pekee hakutoshi, kwani chupa mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa na kiambato kimoja. Kabla ya kununua, soma lebo na umwulize afisa ugani kiuadudu hicho ni cha kundi gani.