Sinki la kujilaza au bomba la mvua? Piga hesabu ya maji kwanza

Kwa dada yangu, kwenye nyumba ya zamani aliyopanga katikati ya jiji la Mwanza, kuna sinki refu la kuogea ambalo kwa miaka sita sijamwona mtu akijilaza humo. Limejaa maji hadi juu, limefunikwa kwa bati, na juu ya bati kuna kopo la kuchotea. Watoto wanaoga kwa ndoo, wamesimama kando yake.

Hata hivyo, tulipofika hatua ya bafu kwenye nyumba yetu kule Buswelu, mimi ndiye niliyetaka sinki. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa anahamia kwetu. Nilijiambia: atajilaza kwenye maji ya moto, magoti yatapata nafuu. Baba watoto aliguna tu. Fundi bomba naye hakubisha, alichukua karatasi mbili akaanza kuandika.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya sinki. Sinki lenyewe Sh 750,000, koki na mabomba yake Sh 180,000, tofali na marumaru za kulizungushia Sh 220,000, hita ya tangi Sh 450,000, na ufundi Sh 200,000. Jumla Sh 1,800,000. Karatasi ya pili ilikuwa ya bomba la mvua: kichwa na koki Sh 85,000, marumaru za ukutani na saruji yake Sh 210,000, hita ndogo inayochemsha maji yakiwa yanapita Sh 110,000, kitundu cha kutolea maji sakafuni Sh 15,000, ufundi Sh 120,000. Jumla Sh 540,000. Hizo ni bei tulizopewa sisi. Ukienda dukani kwako utakuta zako. Ila tofauti ya zaidi ya mara tatu sidhani kama itakukwepa.

Nilikuwa tayari kuilipa tofauti hiyo. Kilichonirudisha nyuma ni mambo ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Madumu manane kwa mtu mmoja

Sinki la kawaida la mita 1.7 linataka lita 150 hadi 200 ili mtu mzima afunikwe vizuri. Tuseme lita 160. Mzazi mwenzangu, hayo ni madumu manane ya lita 20, kwa mtu mmoja, kwa kuoga mara moja. Nyumba ya watu sita ikioga hivyo kila mtu na maji yake, ni lita 960. Tangi la lita 1,000 limekwisha, na hujaosha sahani wala kupiga deki.

Bomba la mvua hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika maji yakiwa na nguvu. Kwa dakika tano mtu ametumia lita 40 au 50, na nyumba nzima iko kwenye 240 hadi 300. Ndoo bado ni mshindi: watu sita, lita 120, hakuna ubishi.

Kupima lako ni rahisi. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, washa saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika moja, basi ni lita 10 kwa dakika. Pima pia dakika anazokaa huko kijana wako wa sekondari. Akikaa dakika ishirini kwenye bomba la lita 8, ametumia lita 160 zilezile za sinki, na amesimama.

Wanaojua Mwanza wanajua mawe yake. Ni kweli chanzo cha maji cha Butimba kimeongeza uwezo wa lita milioni 48 kwa siku juu ya kile cha Capri Point, lakini maji hayapandi mlima bila kusukumwa, na nyumba nyingi tumezijenga mlimani. Tangi ni lazima. Liinue pia, kwa sababu tangi lililolingana na kichwa cha bomba litakupa matone. Ukilipandisha mita mbili au tatu juu ya kichwa hicho, utaona tofauti.

Mawe hayohayo yanasumbua kwenye majitaka. Shimo lililochimbwa kwenye mwamba halinyonyi kama la kwenye mchanga. Ukilimiminia karibu lita elfu moja za maji ya kuoga kila siku, utalijaza upesi na kuwa rafiki wa dereva wa gari la kunyonya majitaka. Hiyo nayo ni gharama ya sinki, ingawa dukani hawakuambii.

Umeme nitausema kwa kifupi. Kupasha lita 160 kutoka kwenye ubaridi wa hapa kwetu hadi joto la kuogea kunakula takribani uniti 3. Kwa anayepata uniti 28 kwa Sh 10,000, ni zaidi ya Sh 1,000 kila mtu anapojilaza. Hita ya bomba la mvua ya wati 5,500 kwa dakika tano haifiki nusu uniti. Ila hita hiyo iwe na waya wake peke yake, mnene, pamoja na waya wa ethi uliofungwa na fundi umeme anayejua kazi. Hapo usibane pesa.

Siku bibi alipokuja kukagua

Fundi aliuliza swali moja tu: "Mama Neema, huyo bibi ataingiaje humo?" Ukingo wa sinki ulikuwa zaidi ya nusu mita kutoka sakafuni. Mama alipokuja kuona ujenzi, nilimwonyesha benchi la mafundi lenye kimo hichohicho nikamwomba ajaribu kulivuka. Alishika ukuta, akainua mguu, akaushusha. Akacheka. "Mama Neema, unataka niruke kama mbuzi?"

Mimi sikucheka. Nilimwona akivuka ukingo ule, miguu ina sabuni, mimi niko kazini.

Na kuna mdogo wetu wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa umri huo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, na hapigi kelele. Anaingia kichwa mbele na kunyamaza. Hili ni kweli kwa ndoo na beseni pia, kwa hiyo vimwage au vifunike. Lakini sinki, kwa maisha yetu ya kuweka akiba ya maji, lisingekaa tupu. Lingekuwa kama la dada, limejaa mchana na usiku.

Kwa wenzetu wa Kayenze, Igombe na Luchelele wanaovuta maji moja kwa moja ziwani, kuna jambo la ziada. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, iwe mtoto anaogelea au anaogeshwa nyumbani kwa maji yaliyochotwa sasa hivi. Maji yakikaa kwenye tangi safi lililofunikwa kwa siku mbili bila kuongezwa mengine, vimelea hao hufa. Kwa hiyo matangi mawili, moja linapumzika na jingine linatumika, yana faida kubwa kwa mtoto kuliko sinki lolote. Ya kunywa bado chemsha.

Tukafunga bomba la mvua. Sakafu haina kizingiti, marumaru zake ni za kukwaruza, na ukutani kuna vyuma viwili vya kushikilia, kimoja cha kusimama na kimoja cha kulala. Fundi alijenga kibenchi cha tofali kona moja. Pesa iliyobaki ilienda kwenye tangi la pili la lita 2,000 na mnara wake. Magoti tunayakanda jioni kwa taulo la maji ya moto, bibi akiwa sebuleni na taarifa ya habari.

Asubuhi anaingia bafuni, anakaa kwenye kibenchi chake, anafungua bomba la mvua likajaza ndoo, analifunga, kisha anaoga kwa kopo.