NGUVU ZA ATOMU: KUPASUA SI KUUNGANISHA

Wananchi wa Unguja hawajaisahau ile miezi mitatu, kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokatika umeme utokao Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Maji yaliadimika, na kazi nyingi zikalala. Ndiyo sababu, kila panapotajwa umeme wa uhakika, masikio yetu huwa wazi. Na miongoni mwa yatajwayo ni nguvu za nyuklia. Yafaa basi tuelewe kwamba jina hilo moja lina njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupasua. Kiini kizito cha atomu ya urani kikipigwa na nyutroni hupasuka, kikatoa joto na nyutroni nyingine, nazo zikaendelea kupasua viini vingine. Joto huchemsha maji, na mvuke ukazungusha mtambo wa umeme. Kinu cha kwanza kupeleka umeme huo katika gridi kilianza kazi Obninsk, katika Muungano wa Kisovieti, mwaka 1954. Na Afrika Kusini inacho kinu cha Koeberg tangu 1984. Lakini taka zake hubaki na madhara kwa maelfu ya miaka, na Chernobyl, mwaka 1986, ilionyesha gharama ya uzembe.

Njia ya pili ni kuunganisha. Viini vyepesi vya haidrojeni hushikamana vikawa heliamu, kama ilivyo ndani ya jua. Katika njia zote mbili, uzito kidogo hupotea ukageuka nguvu. Tarehe 5 Desemba 2022, huko Livermore, Marekani, miali ya leza yenye megajuli 2.05 ilizaa megajuli 3.15. Ni ushindi mkubwa. Ila kuitayarisha miali hiyo kulikula umeme upatao megajuli 300. Hakuna bado nyumba iangazwayo kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, mtumishi wa Serikali aletewaye mpango wa nyuklia hana budi kuuliza: ni kupasua au kuunganisha? Ikiwa ni kupasua, taka zitawekwa wapi katika visiwa vyenye ardhi finyu? Ikiwa ni kuunganisha, kiko wapi kinu kiuzacho umeme? Urani imo katika ardhi ya Namtumbo, lakini mwenye udongo si mwenye chungu, mfinyanzi hufundishwa. Tuwasomeshe vijana wetu fizikia leo, ili siku ya kuamua itakapofika, tusiamuliwe na wengine.